Kutambua Aina ya Faili ya Sauti kwa Baiti Zake: Mwongozo Kamili

Faili inaitwa rekodi.mp3 lakini programu ya kuchezea inaikataa. Nyingine haina kiendelezi kabisa, kwa sababu imeokolewa kutoka diski iliyoharibika. Ya tatu inacheza vizuri kwenye simu, ila ukiipandisha kwenye mfumo fulani unaambiwa umbizo halikubaliki. Katika hali zote tatu swali ni moja: ndani ya faili hii mna nini hasa?

Kiendelezi, yaani zile herufi zinazofuata nukta, ni kibandiko kwenye chupa: ukiking'oa na kubandika kingine, kilichomo hakibadiliki. Kinachosema zaidi ni baiti zenyewe, yaani namba za biti nane nane zinazounda faili. Waliobuni maumbizo mengi ya sauti waliweka mwanzoni mwa faili baiti chache zisizobadilika, na hizo ndizo tunaziita saini. Kosa la wengi ni kudhani saini zote zina uzito sawa. Zipo zenye urefu wa baiti 16 ambazo haziwezi kutokea kwa bahati, na ipo ya biti 11 tu ambayo hutokea ovyo hata ndani ya picha. Ustadi wa kazi hii ni kujua ipi uiamini papo hapo na ipi uitafutie ushahidi wa pili.

Hatua ya 1: Zisome baiti

Kwenye Linux, macOS au Termux (terminali ya Android), fungua terminali uandike:

```
xxd -l 64 rekodi.mp3
```

Amri hiyo huonyesha baiti 64 za mwanzo. Kama xxd haipo, tumia `hexdump -C -n 64 rekodi.mp3`. Kwenye Windows, PowerShell ina amri yake:

```
Format-Hex .\rekodi.mp3 | Select-Object -First 4
```

Anayependa dirisha badala ya amri anaweza kutumia HxD, kihariri cha bure cha heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16. Ukitumia kihariri, fungua nakala na si faili halisi. Kubonyeza kitufe kimoja bila kukusudia kunatosha kubadilisha baiti.

Utakachoona kina sehemu tatu. Kushoto ni nafasi ya mstari ndani ya faili (nayo kwa heksadesimali, hivyo 00000010 ni 16), katikati ni baiti zenyewe kwa heksadesimali, kila baiti ikiwa na tarakimu mbili kuanzia 00 hadi FF, na kulia ni baiti hizohizo zikiandikwa kama herufi pale inapowezekana. Nafasi huhesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo ninaposema "nafasi ya 8" nazungumzia baiti ya tisa.

Hatua ya 2: Maliza kwanza zile zisizo na ubishi

Maumbizo kadhaa hujitaja waziwazi. Linganisha ulichokiona na orodha hii:

```
66 4C 61 43                     fLaC    FLAC
23 21 41 4D 52 0A               #!AMR   AMR ya kawaida
23 21 41 4D 52 2D 57 42 0A      #!AMR-WB
63 61 66 66                     caff    CAF ya Apple
2E 73 6E 64                     .snd    AU
77 76 70 6B                     wvpk    WavPack
4D 41 43 20                     MAC     Monkey's Audio
4D 54 68 64                     MThd    MIDI
30 26 B2 75 8E 66 CF 11
A6 D9 00 AA 00 62 CE 6C                 ASF (WMA, WMV)
```

Angalia FLAC vizuri: f ndogo, L kubwa, a ndogo, C kubwa. Baada yake huja kipande cha maelezo chenye urefu wa baiti 34, ndiyo maana mara nyingi utakuta `00 00 00 22` ikifuata mara moja, kwani 22 ya heksadesimali ni 34. Ukiziona hizo nane pamoja huna sababu ya kuendelea kutafuta.

MIDI nimeiweka hapo kwa sababu watu huiita faili ya sauti, ingawa ndani yake hamna sauti iliyorekodiwa. Mna maagizo ya noti tu. Nayo ASF husema ni familia ya Windows Media na kuishia hapo. WMA na WMV huanza na baiti zilezile 16, kwa hiyo saini pekee haitakuambia kama kuna video.

Hatua ya 3: RIFF na FORM, usiishie baiti nne

WAV ilitoka kwa Microsoft na IBM mwaka 1991, juu ya mfumo wa vipande uitwao RIFF. Huu ndio mwanzo wa faili ya WAV ya kawaida:

```
00000000: 5249 4646 24b0 2b00 5741 5645 666d 7420  RIFF$.+.WAVEfmt 
00000010: 1000 0000 0100 0200 44ac 0000 10b1 0200  ........D.......
00000020: 0400 1000 6461 7461 00b0 2b00 0000 0000  ....data..+.....
```

Anayesoma RIFF na kutangaza "ni WAV" amekosea njia, maana video za AVI na picha za WebP nazo huanza na RIFF. Neno la kuangalia liko nafasi ya 8: `57 41 56 45`, yaani WAVE. Kwenye AVI pangeandikwa "AVI " na kwenye WebP "WEBP".

Kati ya RIFF na WAVE kuna baiti nne za ukubwa, na katika RIFF baiti ndogo huja kwanza. Kwa hiyo `24 b0 2b 00` husomwa kinyumenyume kama 002BB024, sawa na 2863140. Ongeza 8 upate ukubwa wa faili nzima, 2863148. Hesabu hiyo ni kipimo kizuri cha afya: kama faili iliyoko diskini ni ndogo kuliko hapo, imekatika. Ukikuta `00 00 00 00` au `FF FF FF FF` mahali pa ukubwa, mara nyingi kirekodi kilizimika kabla ya kufunga faili, au sauti ilitiririshwa bila programu kujua itaishia wapi. Sauti iliyokwisha kuandikwa mara nyingi huwa salama. Hapo kilichoharibika ni namba tu.

Nafasi ya 20 ndiyo inayotaja kilichofungwa ndani. `01 00` ni PCM, sauti isiyobanwa. `03 00` ni sauti iliyoandikwa kwa namba zenye sehemu za desimali (float), `06 00` na `07 00` ni A-law na mu-law za simu, `FE FF` ni umbo lililopanuliwa. Na `55 00` ni MP3! Naam, MP3 inaweza kukaa ndani ya WAV, na ndiyo sababu baadhi ya faili za .wav huwa ndogo ajabu kwa urefu wake. Nafasi ya 22 ni idadi ya chaneli, hapa mbili, na nafasi ya 24 ni sampuli (vipimo vya sauti) kwa sekunde: `44 ac 00 00` ni 44100. Ungeona `80 bb 00 00` ingekuwa 48000.

Usidhani neno data litakuwa nafasi ya 36 kila mara. Programu nyingi huchomeka vipande vingine kabla yake, kwa mfano LIST chenye jina la programu. Rekodi zinazozidi gigabaiti 4 haziwezi kuandika ukubwa wake katika baiti nne, kwa hiyo mara nyingi huanza na RF64 badala ya RIFF.

AIFF ya Apple, ya mwaka 1988, ina mpangilio wa aina hiyohiyo: `46 4F 52 4D`, yaani FORM, kisha ukubwa, kisha AIFF au AIFC nafasi ya 8. Tofauti kubwa ni kwamba hapa baiti kubwa huja kwanza, kwa hiyo namba husomwa kushoto kwenda kulia.

Hatua ya 4: OggS na ftyp ni vifungashio

Hapa ndipo inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kifungashio ni muundo wa faili. Kodeki ni namna sauti ilivyobanwa. Saini ya mwanzo hukutajia kifungashio tu. Kodeki ina saini yake, ndani zaidi.

Ogg huanza na `4F 67 67 53`. Kichwa cha ukurasa wake wa kwanza kwa kawaida huchukua baiti 28, kwa hiyo ruka hadi hapo:

```
xxd -s 28 -l 8 sauti.ogg
```

Ukipata `4F 70 75 73 48 65 61 64`, OpusHead, hiyo ni Opus. `01 76 6F 72 62 69 73` ni Vorbis. `7F 46 4C 41 43` ni FLAC iliyowekwa ndani ya Ogg, na herufi za Speex zinajitaja zenyewe. Ukikuta `80 74 68 65 6F 72 61`, hiyo ni Theora, ambayo ni video. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni Opus ndani ya Ogg, na hii hueleza kwa nini kifaa kinachojua Ogg/Vorbis peke yake hushindwa kuucheza hata ukiubadilisha jina kuwa .ogg.

Familia ya MP4 haianzi na saini. Baiti nne za kwanza ni ukubwa wa kisanduku cha kwanza, tuseme `00 00 00 20`, na saini `66 74 79 70`, ftyp, huja nafasi ya 4. Nafasi ya 8 ni chapa: "M4A " kwa sauti, "M4B " kwa vitabu vya kusikiliza, na pia isom, mp42, 3gp4, "qt  " na nyinginezo. Chapa isikushawishi sana. Programu nyingi huandika isom au mp42 hata kama ndani hamna video, na M4A haisemi kama sauti ni AAC au ALAC, ambazo ni kodeki mbili tofauti. Ili kujua, tafuta ndani ya faili neno mp4a au alac:

```
grep -a -o -b -E "mp4a|alac" wimbo.m4a
```

Huo ni msako wa haraka, si uthibitisho, kwa sababu herufi hizo nne zaweza kujitokeza zenyewe katikati ya data. Sehemu inayobeba maelezo hayo huitwa moov, na inaweza kuwa mwishoni mwa faili. Simu ikizimika katikati ya kurekodi, moov huenda isiandikwe kabisa: ftyp utaiona, saini ni safi, na faili haitacheza. Saini hutaja aina. Haina la kusema juu ya uzima.

Kuna kifungashio kingine cha kukumbuka, Matroska na ndugu yake WebM: `1A 45 DF A3`. Neno matroska au webm huonekana baiti chache mbele. Rekodi nyingi za sauti zinazofanywa ndani ya kivinjari hutoka kama WebM yenye Opus.

Hatua ya 5: MP3, yenye saini dhaifu kuliko zote

MP3 haina saini ya faili. Ni mfululizo wa fremu, yaani vipande vifupi vya sauti, na kila fremu huanza na biti 11 zote zikiwa 1. Basi. Kinachoonekana mwanzoni mara nyingi ni kitu kingine kabisa: tegi ya ID3v2, inayobeba jina la wimbo, msanii na picha ya jalada.

```
00000000: 4944 3303 0000 0000 0f76 5449 5432 0000  ID3......vTIT2..
```

ID3 si ushahidi kwamba faili ni MP3. Ipo kwenye faili za AAC, na baadhi ya programu huibandika hata mbele ya FLAC ingawa FLAC haiihitaji. Lazima uiruke uone kilichoko nyuma yake. Ukubwa wa tegi uko nafasi ya 6 hadi 9, na umeandikwa kwa mtindo wa pekee: kila baiti hutumia biti 7 tu, ile ya juu hubaki 0 ili isifanane na mwanzo wa fremu. Hapa tuna `00 00 0f 76`. 0F ni 15, mara 128 ni 1920, 76 ni 118, jumla 2038. Ongeza baiti 10 za kichwa cha tegi, upate 2048. Sasa tazama huko:

```
xxd -s 2048 -l 4 rekodi.mp3
```

Tuseme umepata `FF FB 90 64`. Baiti ya pili, FB, kwa biti ni 1111 1011. Biti tatu za kwanza zinakamilisha zile 11 za mwanzo wa fremu. Mbili zinazofuata, 11, ni MPEG-1. Mbili nyingine, 01, ni Tabaka la III, na hilo ndilo MP3. Ya mwisho, 1, inasema hakuna namba ya ukaguzi. Kwa mantiki hiyohiyo FF FA ni MP3 yenye ukaguzi, FF F3 ni MPEG-2 Tabaka la III, na FF FD si MP3 bali MP2.

AAC tupu ya mtindo wa ADTS, yaani isiyo ndani ya kifungashio cha MP4, hufanana nayo sana: `FF F1` au `FF F9`. Siri iko kwenye biti za tabaka, ambazo kwa ADTS huwa 00 daima, thamani isiyotumika kwenye MP3. Baadhi ya faili za .mp3 zinazokataliwa na vifaa vya zamani ni AAC zilizopewa jina lisilo lake.

Sasa ule ushahidi wa pili. Faili ya maandishi ya UTF-16 yaweza kuanza na `FF FE`, na hizo baiti mbili zinatimiza sharti la biti 11 bila shida. Ukizifuata utaambiwa ni MPEG Tabaka la I. Kwa hiyo usikubali fremu moja. Piga hesabu ya urefu wake uone kama fremu nyingine inaanza pale inapotakiwa. Baiti ya tatu, 90, ni 1001 0000: tarakimu ya kwanza, 9, katika jedwali la MPEG-1 Tabaka la III ni kilobiti 128 kwa sekunde, biti mbili zinazofuata, 00, ni sampuli 44100, inayofuata, 0, inasema hakuna baiti ya kujazia. Kanuni ni hii:

```
urefu = 144 × 128000 ÷ 44100 = 417 (desimali huachwa)
```

Biti ya kujazia ingekuwa 1, urefu ungekuwa 418. Fremu ya pili basi inapaswa kuanza 2048 + 417 = 2465. Tazama nafasi hiyo: ukikuta FF FB tena, na ya tatu nayo ikapatikana hivyohivyo, hapo unaweza kusema ni MP3. Tarakimu ya kwanza ya baiti ya tatu ikiwa F, acha mara moja. Thamani hiyo hairuhusiwi.

Mara nyingine baada ya tegi kuna sufuri nyingi kabla ya fremu ya kwanza. Zivuke tu. Na usishangae kukuta `54 41 47`, TAG, mwanzoni mwa baiti 128 za mwisho wa faili. Hiyo ni tegi ya zamani, ID3v1.

Hatua ya 6: Zisizo sauti, na zisizo na saini

Kabla ya kuumiza kichwa, hakikisha faili ni ya sauti. `3C 21 44 4F` ni mwanzo wa "<!DO", yaani ukurasa wa wavuti uliohifadhiwa badala ya wimbo, kwa kawaida ujumbe wa kosa. `50 4B 03 04` ni ZIP. Ukiona `4D 5A` mwanzoni mwa kitu kinachojiita wimbo.mp3, hiyo ni programu ya Windows, usiifungue, ifute.

PCM ghafi haina saini yoyote. Ni sampuli tupu tangu baiti ya kwanza. Dalili yake ni jozi za baiti zinazocheza karibu na `00 00` na `FF FF` pale penye ukimya. Audacity, programu ya kuhariri sauti, inaweza kuingiza data ghafi: jaribu biti 16, chaneli moja, sampuli 8000, 16000, 44100 au 48000. Mwendo ukiwa wa haraka mno umeweka sampuli nyingi kuliko zilivyo. Ukisikia kelele tupu, geuza mpangilio wa baiti.

Hatua ya 7: Wacha kompyuta ifanye faili mia

Amri ya `file` imekuwamo kwenye Unix tangu miaka ya 1970 na hufanya kazi hiihii. Jua tu kwamba kwa MP3 huandika "MPEG ADTS, layer III", na neno ADTS hapo huwapoteza watu wakadhani ni AAC. Kinachotofautisha ni lile tabaka la tatu. `ffprobe`, inayokuja pamoja na FFmpeg, huenda mbali zaidi kwa kuwa hufungua kifungashio na kutaja kodeki. Ila ukitaka kitu chako cha Python, hiki kinatosha kuanzia:

```python
import sys

def tambua(njia):
    with open(njia, "rb") as f:
        k = f.read(64)
        if k[:3] == b"ID3" and len(k) >= 10:
            n = k[6] << 21 | k[7] << 14 | k[8] << 7 | k[9]
            f.seek(10 + n)
            k = f.read(64)
    if k[:4] == b"RIFF" and k[8:12] == b"WAVE":
        return "WAV"
    if k[:4] == b"FORM" and k[8:12] in (b"AIFF", b"AIFC"):
        return "AIFF"
    if k[:4] == b"fLaC":
        return "FLAC"
    if k[:4] == b"OggS":
        if k[28:36] == b"OpusHead":
            return "Ogg/Opus"
        if k[29:35] == b"vorbis":
            return "Ogg/Vorbis"
        return "Ogg, kodeki nyingine"
    if k[4:8] == b"ftyp":
        return "Familia ya MP4, chapa " + k[8:12].decode("latin-1")
    if k[:5] == b"#!AMR":
        return "AMR"
    if len(k) > 2 and k[0] == 0xFF:
        if k[1] & 0xF6 == 0xF0:
            return "Huenda AAC ya ADTS"
        if k[1] & 0xE6 == 0xE2 and k[2] >> 4 != 15:
            return "Huenda MP3"
    return "Haijulikani"

for njia in sys.argv[1:]:
    print(njia, "->", tambua(njia))
```

Neno "Huenda" nimeliweka makusudi: programu hii haihesabu fremu ya pili. Pia haivuki sufuri zinazofuata tegi, kwa hiyo "Haijulikani" kwenye faili yenye ID3 inastahili kutazamwa kwa macho.

Hatua ya 8: Badilisha jina, si sauti

Ukishajua kilichomo, mara nyingi dawa ni kusahihisha kiendelezi tu. Kuigeuza AAC iwe MP3 kwa sababu tu jina lilisema MP3 ni kuibana sauti mara ya pili, na kinachopotea hakirudi. Kama kifaa kinakataa kifungashio na si kodeki, hamisha sauti bila kuigusa:

```
ffmpeg -i sauti.aac -c copy sauti.m4a
```

Baada ya hapo isome tena kwa xxd. Nafasi ya 4 inapaswa kuwa `66 74 79 70`.